Shangazi wa Gazetini Hana Kaka

Kuna neno moja nililolipigia mstari mwekundu kwa zaidi ya miaka thelathini: mahusiano. Kila lilipojitokeza katika daftari la mwanafunzi nililikata, na pembeni nikaandika kwa herufi za wazi, uhusiano. Niliwaeleza wanafunzi kwamba nomino hii ya dhahania haihitaji wingi, kama ambavyo upendo na uzuri havihitaji wingi. Walinisikiliza kwa adabu, wakanakili kanuni, na katika insha iliyofuata wakaandika mahusiano.

Nilipostaafu na kurejea nyumbani nilidhani vita hiyo nimeiacha darasani. Lakini simama mbele ya meza ya magazeti katika stendi ya Same, nyakati ambazo mabasi ya Dar es Salaam na ya Arusha hupishana, uwasikilize wasomaji wetu wa kusimama, wale wasomao vichwa vya habari bila kununua. Utaambiwa kuwa fulani ana mgogoro katika mahusiano yake. Utasikia kuwa amemsaliti mwenza wake, kwamba ana nyumba ndogo Hedaru, kwamba mchepuko wake umemmaliza mtaji, na kwamba mtu huyo, kwa ufupi, hajitambui. Hakuna hata moja kati ya maneno haya nililolifundisha kwa maana hiyo, wala sikumsikia malenga akilitunga. Mengi kati yake, kama hayakuzaliwa, basi yamelelewa katika kona moja ya gazeti ambayo sisi wapenzi wa lugha hatuisomi hadharani: safu ya ushauri wa mapenzi na ndoa.

Nasema hatuisomi hadharani, kwa kuwa faraghani twaisoma sote. Mwalimu hufungua tahariri mbele ya wenzake, na akiisha kubaki peke yake ofisini hurudi kurasa za ndani kumtazama Anti amejibu nini.

Nimekusudia kusema jambo ambalo huenda likawaudhi baadhi ya malenga wenzangu. Naona tumeilaumu safu hii kwa kosa dogo, na kosa lake kubwa hatujalitaja. Tumeilaumu kwa kuvunja sarufi na kukaribisha maneno ya mitaani. Mimi nashikilia kwamba imetenda jema kubwa ambalo ushairi wetu haukulitenda kwa ukamilifu: imempa mtu wa kawaida kinywa cha kusemea mambo ya ndani. Hatia yake ni kwamba baadhi ya maneno iliyotia katika kinywa hicho ni laini mno, hata yakataja dhuluma kana kwamba ni mapenzi.

Tuanze na asili. Kutoa ushauri wa maisha kwa maandishi si jambo la kuletwa na magazeti. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa wasia ambao hadi leo husomwa vyuoni. Shaaban Robert naye alimwandikia bintiye Hati, na mwanawe wa kiume akamwandikia Adili. Katika kazi hizi zote mzazi husema na mtoto husikiliza. Tunajua kwa kirefu alichousiwa binti wa Mwana Kupona, lakini hatujui binti huyo aliulizwa lini anaogopa nini, wala angejibu nini lau angeulizwa.

Muulizaji alianza kusikika katika kurasa za mashairi. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapwa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana. Mtu hutoa swali kwa beti, na mwezi wa pili jawabu hutoka kwa mtu wa wilaya nyingine ambaye hajawahi kumwona. Baadaye Mathias Mnyampala akatupa ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vikatoka mwaka 1970 na 1971. Sisi tuliosoma miaka hiyo tulizikariri na kuziigiza mbele ya wageni wa shule. Ngonjera ina asiyejua na ajuaye. Asiyejua hupinga, ajuaye humweleza, na mwishoni wote hukubaliana. Ukiivua vina na mizani, umbo linalobaki ni lile lile la barua na jibu katika safu ya ushauri.

Tofauti ni kwamba katika ngonjera mshairi mmoja ndiye aliyeandika pande zote mbili. Asiyejua alipewa maneno ya kushindwa nayo tangu mwanzo. Na katika ukurasa wa mashairi, ilikulazimu uwe na vina ndipo uulize. Mama wa Makanya anayepigwa na mumewe hakuwa na nafasi ya kutafuta mizani nane kwa nane ndipo aseme kwamba anapigwa.

Safu ya ushauri haikudai vina. Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko London, John Dunton alikuwa akijibu maswali ya wasomaji wasiotaja majina katika gazeti la Athenian Mercury tangu mwaka 1691. Katika Afrika, jarida la Drum lilikuwa na safu ya Dolly, na mwanahistoria Kenda Mutongi ameonyesha, katika makala yake ya mwaka 2000, jinsi barua za vijana wa miaka ya 1960 na 1970 zilivyokuwa uwanja wa kubishania uchumba na adabu zake. Lakini Dolly aliandikiwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tuliijua kwa ajili ya mtihani tu. Lililonihusu mimi kama mwalimu wa Kiswahili ni pale mazungumzo hayo yalipoingia katika lugha yetu, na hasa katika miaka ya 1990, magazeti ya watu binafsi yalipofumuka nchini.

Tazama majina waliyopewa washauri hao. Kenya, gazeti la Taifa Leo lina safu iitwayo Shangazi Akujibu, na barua zake huanza kwa "Shikamoo shangazi", hata kama mwandishi anatoka katika mtaa ambao shikamoo si salamu ya kila siku. Uganda, gazeti la Bukedde lina Ssenga, na ssenga kwa Kiganda ni huyo huyo shangazi, dada wa baba, ambaye kwa desturi ya Baganda ndiye amfundaye msichana. Hapa kwetu tulipenda zaidi kusema Anti au Dada, ingawa wapo pia waliosimama kwa majina yao wenyewe, kama Flora Wingia na safu yake ya Maisha Ndivyo Yalivyo katika Nipashe. Lakini lililo muhimu ni kwamba magazeti hayakumwita mtu huyu daktari au mwalimu. Yalikwenda kuazima cheo cha ukoo.

Huku milimani cheo hicho kina uzito wake. Mambo ya uchumba na unyumba yalikuwa na wenyewe. Msichana hakumwuliza baba, na mara nyingi hakumwuliza hata mama aliyemzaa. Alikuwapo shangazi, alikuwapo bibi. Mazungumzo hayo yalifanywa kwa Chasu, jikoni au njiani kwenda mtoni, kwa mafumbo ambayo mtoto aliyepita asingeyaelewa. Sina nia ya kuyadharau. Yalikuwa na hekima nyingi, na lugha yake ilikuwa tamu kuliko chochote nilichokisoma gazetini. Lakini yalikuwa na kasoro moja, nayo nilichelewa sana kuiona. Shangazi ni dada wa mtu. Ni dada wa baba yako, na ni dada wa baba zako wadogo na wakubwa. Neno ulilompa mchana, jioni huenda likawa limefika kwa kaka zake.

Shangazi wa gazetini hana kaka.

Niruhusuni nisimulie lililonifundisha hilo, ingawa halinipi sifa. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huku juu. Magazeti yalitufikia mara mbili. Kwanza yalipanda kama habari, siku moja au mbili baada ya kuchapwa, yakiletwa na mwalimu aliyeteremka Same kufuata mshahara. Kisha yalipanda tena baada ya majuma kadhaa yakiwa yamefunga karanga na vitumbua. Wanafunzi waliyasoma katika safari hiyo ya pili. Niliwahi kukamata kipande cha safu ya Anti kikizunguka darasani chini ya madawati, kina madoa ya mafuta, na kukichana mbele yao huku nikiwaasa juu ya fasihi bora.

Muhula huo niliwapa kidato cha pili zoezi la barua ya kirafiki. Maelekezo yalikuwa wazi: mwandikie ndugu yako umweleze maendeleo yako ya masomo. Msichana mmoja, ambaye kwa kawaida hakuzungumza darasani, aliandika barua iliyoanza, "Shangazi mpendwa." Nadhani alijua kuwa nisingelikubali neno Anti. Ikaendelea kwa namna tunayoijua sote: mimi ni msichana mwenye umri wa miaka kadhaa, nasoma kidato cha pili, naishi kwa baba mdogo. Kisha ikasema kwamba baba mdogo huyo anataka wawe na mahusiano ya kimapenzi, kwamba yeye hataki, na kwamba usiku haupati usingizi. Ikamalizika: "Naomba ushauri wako, nifanyeje?" Na chini, mahali pa jina la mwandishi, aliandika "Jina kapuni." Jina lake kamili lilikuwa juu ya jalada la daftari.

Nilipiga mstari mwekundu chini ya mahusiano. Nilipiga mstari chini ya kimapenzi. Pale penye jina kapuni niliandika, "Barua ya kirafiki lazima iwe na jina." Mwishoni nikaandika, "Umetoka nje ya mada. Acha lugha ya magazeti," nikampa alama tisa kati ya ishirini.

Matroni ndiye aliyeniletea daftari hilo, majuma mawili baadaye. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenyeji wa Mbaga, na alinizidi umri. Alilifungua juu ya meza yangu, akaweka kidole pale penye mistari yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hapa ulisoma, au ulisahihisha tu?"

Yaliyofuata yalikuwa ya wazee na ya vyombo vinavyohusika, nami sina haki ya kuyasimulia. Itoshe kusema kwamba msichana alihamia kwa mjomba wake, kaka wa mama, na alimaliza kidato cha nne. Hilo si kwa sifa yangu. Ni kwa sifa ya matroni, na kwa sehemu, lazima nikiri, ni kwa sifa ya kile kipande cha gazeti chenye madoa ya mafuta ambacho huenda nilikichana mimi mwenyewe.

Nimelifikiri jambo hili kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtoto yule hakuwa na wa kumwambia kwa Chasu, kwa kuwa kila mtu aliyemjua kwa Chasu alikuwa ndugu wa mtu yule. Hakuwa na namna ya kuniambia mimi uso kwa uso. Nilikuwa nimemfundisha barua rasmi, barua ya kirafiki, hotuba, insha ya hoja na insha ya wasifu, na hakuna hata umbo moja kati ya hayo lililokuwa na mahali pa kuweka alichokuwa nacho. Umbo lililokuwa na mahali hapo lilikuwa moja tu, nalo alijifunza kwa Anti. Lilimpa pa kuanzia, likampa namna ya kumtaja mkosaji kwa cheo bila kumtaja kwa jina, likampa swali la kumalizia, na likampa kapu la kufichia jina lake.

Tulitazame kapu hilo kidogo, sisi tunaopenda tafsida. Jina kapuni ni usemi wa waandishi wa habari, na wapo wanaoucheka. Mimi naona ni miongoni mwa semi nzuri zilizozaliwa katika zama zetu. Kapu hufunikwa lakini halifungwi kwa kufuli. Kilichomo hakijatupwa, na mwenyewe akitaka atakitoa. Malenga wangapi wametunga picha iliyo wazi hivyo kwa maneno mawili?

Aidha, siyo semi hiyo pekee. Chukua msongo wa mawazo. Zamani tulisema mtu ana mawazo, au amechanganyikiwa, na ukisema hivyo mazungumzo yalikwisha. Neno msongo limetokana na kusonga, na kila aliyewahi kusonga ugali kwenye chungu kizito anaujua uzito wake. Chukua mchepuko. Ni neno la barabara. Kampeni ya kupambana na UKIMWI iliyowahimiza watu wabaki njia kuu ililitumia kwa ustadi, na sisi tunaoishi kando ya barabara kuu hatukuhitaji kufafanuliwa. Chukua kujitambua, neno ambalo Munga Tehenan alilifanya jina la gazeti lake la Jitambue, na ambalo leo kijana humtupia mwenzake kama tusi dogo: hujitambui. Sitasema gazeti moja ndilo lililolieneza, kwa maana maneno yana baba wengi. Lakini nasema kwamba mazungumzo ya vijana juu ya nafsi zao, jambo ambalo zamani tuliliacha kwa wahubiri na washairi, yamepata msamiati wake kutoka kwa waandishi wa aina hii.

Wala si haki kuwasahau waandishi waliofanya kazi nzito zaidi. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilitoa jarida la Sauti ya Siti, kwa heshima ya Siti binti Saad, na kikashikilia kwamba udhalilishaji na ukatili dhidi ya wanawake na watoto uandikwe kwa majina yake. Hao nao walikuwa wakifundisha lugha, na walifundisha upande ule ambao Anti aliuogopa.

Hapa ndipo ninapofikia lawama yangu. Rudini kwenye barua ya yule msichana. Aliandika kwamba baba mdogo anataka wawe na mahusiano ya kimapenzi. Mimi nilikata neno lile kwa sababu ya kiambishi ma-. Nilipaswa kulikata kwa sababu ya maana. Alichokuwa akitendewa hakikuwa uhusiano, wala hakikuwa na chembe ya mapenzi. Kilikuwa ni dhuluma, na kwa sheria ni kosa la jinai. Lakini katika safu alizozisoma, neno hilo moja ndilo lililobeba kila kitu. Mvulana na msichana waliotazamana mara moja kwenye daladala wana uhusiano. Wachumba waliokwisha kutoleana posa wana uhusiano. Mwajiri anayemlazimisha mtumishi wake wa ndani ameanzisha uhusiano. Watu walioishi kinyumba miaka kumi na kuzaa watoto watatu wana uhusiano. Neno lililobeba yote haya haliwezi tena kumwonya mtu.

Hasara hii yatuuma sisi zaidi, kwa kuwa lugha yetu haikuwa maskini. Tulikuwa na urafiki, uchumba, posa, ndoa na unyumba. Tulikuwa na hawara na kimada, na kila moja lilikuwa na hukumu yake ndani. Tulikuwa na huba, mahaba, ashiki na nyonda, maneno ambayo washairi waliyapima kama muuza dhahabu apimavyo. Na upande wa giza tulikuwa na kulaghai, kurubuni, kughilibu, kulazimisha, kunajisi na kubaka. Mtu aliyeyajua yote haya aliweza kusema hasa lililompata. Leo mengi kati yake yamemezwa na uhusiano wa kimapenzi, na kile kiambishi cha ki-, ambacho tumekipachika katika kimapenzi, kimawazo na kindoa, kimekuwa kama shuka linalotandikwa juu ya kitanda kisichotandikwa vizuri.

Mabadiliko mengine ni ya kuchekesha tu, na sitayafanyia vita. Mwenza ni mojawapo. Kwa masikio ya wazee wetu neno hili liko karibu na mke mwenza, yaani mke wa pili wa mumeo. Bibi mmoja wa huku aliulizwa na kijana wa kliniki, "Mwenza wako hakuja?" Akajibu kwa fahari, "Mjukuu wangu, marehemu hakuniletea mwenza." Ushauri nasaha ni lingine, kwa kuwa nasaha ndiyo ushauri, na waliounganisha maneno hayo walitushauri mara mbili. Kusaliti nalo nililijua kwa maana ya mtu kuisaliti nchi yake au chama chake, na sasa limeshuka hadi chumbani. Hayo ni maisha ya lugha. Maneno huhama kama watu wa milimani wanaohamia tambarare, na wengine wao hustawi huko.

Najua nitajibiwa. Wapo watakaosema kwamba nazipamba safu ambazo nyingine ziliandikwa kwa ajili ya kuuza magazeti tu, na kwamba barua nyingine zilitungwa na wahariri wenyewe. Huenda. Lakini hata barua ya kutungwa ilimfundisha mtoto wangu wa kidato cha pili namna ya kuandika ya kweli. Ngonjera nazo zilitungwa, na hatukuacha kuzifundisha kwa sababu hiyo. Wengine watasema kwamba majibu ya Anti yalikuwa mepesi: vumilia, omba Mungu, zungumza naye kwa upole. Hilo nalikubali kwa uchungu. Mara nyingi jibu lilikuwa duni kuliko swali. Lakini swali lilikuwa limekwisha kuchapwa, na aliyelisoma akiwa na tatizo kama hilo alijua kwamba hayuko peke yake.

Na wapo watakaoniambia kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa sasa washauri wako kwenye simu, wanazungumza kwa video, na hakuna anayeandika barua. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Katika safu ya gazeti, muulizaji aliandika kwanza. Ilimbidi akae, aamue aanzie wapi, amwite nani kwa cheo gani, aache lipi kapuni. Katika video nyingi za leo mshauri husema peke yake kwa dakika kumi, na muulizaji amerudi kuwa yule mtoto wa kwenye wasia anayesikiliza. Akijibu, hujibu kwa alama ya moyo au ya kilio. Tumefanya safari ndefu kutoka kwenye utendi hadi kwenye barua, na sasa naona kana kwamba twarudi tulikotoka, bila hata utendi wenyewe.

Tufanye nini, basi? Nina mapendekezo matatu, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni kwa walimu wenzangu mlio bado kazini. Ifundisheni barua ya kuomba ushauri kama mnavyofundisha barua ya kuomba kazi. Na mnaposahihisha, someni kwanza mkiwa mmeiweka kalamu mezani. Sarufi haina haraka. Kosa la kiambishi litasubiri hadi kesho asubuhi, na mambo mengine hayasubiri.

La pili ni kwa waandishi wa safu hizi, waliosalia magazetini na waliohamia kwenye simu. Mkiletewa neno uhusiano, msilirudishe kama lilivyo. Muulizeni aliyeandika, au mwulizeni kwa niaba yake katika jibu lenu: je, ni uchumba, ni uhawara, ni kurubuniwa, ni kulazimishwa? Kumpa mtu jina sahihi la jambo lililompata ni nusu ya ushauri.

La tatu ni kwetu sisi tunaotunga. Tumetunga mno juu ya Kiswahili kitukuzwe, na tumetunga mno juu ya laazizi aliyetuacha. Tuurudishe ukurasa wa maswali na majibu. Mmoja wetu atoe swali la kweli, la mtu wa kweli aliyefichwa kapuni, na mwingine alijibu kwa maneno yaliyopimwa. Msamiati tulionao usiopata kazi utapata kazi hapo. Mimi naanza na ubeti mmoja, nikimpa sauti muulizaji:

Shangazi wa gazetini, umenifunza kusema,
Jina langu li kapuni, ya moyoni yamehama,
Ila neno la hisani, halifai kwa dhuluma,
Nipe jina la yakini, nililie wenye hima.

Namngoja wa kumjibu. Na akitokea wa kuniambia kwamba katika beti hizo nimekosea kina au mizani, nitampokea kwa furaha, ila namwomba kwanza asome.

Nawasilisha.